Ndoa Isiyo na Kichwa

Jumatatu, 1 Septemba

Mwalimu Nyongesa anapasuliwa jicho. Habari njema sana.

Si kwamba namtakia mabaya. Ni mtoto wa jicho tu, na daktari amemwambia ataona vizuri kuliko zamani. Lakini kwa muda hataweza kutunga fumbo la ukurasa wa nne wa Barazani, na ukurasa wa nne hauwezi kukaa mtupu. Barazani ni karatasi yetu ya mtaa hapa Kaloleni. Eve huichapisha kila Jumamosi katika saiba yake, kiduka cha kompyuta na uchapaji karibu na ukumbi wa mtaa. Ukurasa wa kwanza, matanga na harambee. Wa pili, siku za maji kukatika. Wa tatu, matangazo ya makanisa. Wa nne, fumbo la Mwalimu. Watu huanzia wa nne.

Mzee huyu akiingia matangani hupewa kiti chenye mto. Mimi ni karani wa ofisi ya nyumba, faili za mtaa mzima zimepitia mikononi mwangu, na nikiingia matangani naonyeshwa benchi. Naitwa baba Winny. Yeye anaitwa Mwalimu hata na watu ambao hakuwafundisha.

Kabla ya kwenda hospitali atafundisha watu kutunga vidokezo vya mafumbo, Jumamosi mbili, ukumbini. Atakayefanya vizuri atashika ukurasa. Nimemwambia Elsie kwamba mtu huyo ni mimi. Mke wangu akauliza kama nimewahi kufumbua hata fumbo moja la Mwalimu. Nikamweleza kwamba kufumba na kufumbua ni kazi mbili tofauti. Akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Habari nyingine, ndogo. Familia ya kijana anayemchumbia binti yangu Winny itakuja kujitambulisha tarehe ishirini. Kijana anaitwa Githinji, mpole, anasema "habari ya jioni, mzee" hata saa nne asubuhi. Baba yake anaitwa Kinyanjui, ana duka la rangi na misumari huko mtaa wa Tena. Hatujaonana.

Jumamosi, 6 Septemba

Darasa la kwanza. Mimi, akina mama wachache wa kwaya waliodhani ni mazoezi, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu. Nilimpelekea Mwalimu trei ya mayai, ili anikumbuke wakati wa kuamua. Alishukuru, akampa Eve ayauze kwa faida ya mfuko wa mtaa.

Mwalimu alieleza. Kila kidokezo kina sehemu mbili. Sehemu moja ni maana ya jibu, kama ilivyo kwenye kamusi. Nyingine ni njia ya kulifikia jibu hilo kwa kuchezea herufi zake. Zikiunganishwa, zisomeke kama sentensi ya kawaida, mtu apite bila kushuku. Kisha akaandika ubaoni: Kazi ikigeuzwa, tia kaburini. Herufi nne.

Mama mmoja wa kwaya akasema Bwana asifiwe.

Mwalimu akaigawa kazi: ka, zi. Akageuza: zi, ka. Zika. Kuzika ni kutia kaburini. Nilibaki mdomo wazi. Kugeuza silabi ni mchezo tuliocheza utotoni ili mama asijue tunapanga kutoroka kwenda mtoni, na sasa ulikuwa umevaa suti. Nimekwenda kazini miaka yote hii bila kujua kwamba nyuma ya kazi kuna kaburi. Ingawa nilishuku.

Mwalimu akatuambia tujaribu. Mwenye kofia ya sufu hakufikiri hata kidogo. Akasema, kwa sauti ya chini: Wali ukipinduka, ishia tumboni. Wa-li, li-wa. Liwa. Akina mama wakacheka hadi wakapigana mabega. Mwalimu akamwuliza jina. Akasema ni Kinyanjui, wa Tena. Kijana wake humletea Barazani kila Jumamosi akitoka kumtembelea msichana fulani huku Kaloleni.

Msichana fulani. Binti yangu.

Nikaenda kumsalimia, kama inavyotakiwa. Alivua kofia. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, tukaulizana hali za nyumbani zote mbili. Mtu mwenye adabu. Nikamchukia papo hapo.

Zamu yangu ilipofika nilitoa kidokezo nilichokitunga kuanzia Jumatatu: Mila ikivurugwa. Herufi nne. Nikakaa chini, nikangoja makofi. Mwalimu aliuliza maana iko wapi. Nikasema maana imefichwa. Akauliza jibu ni lipi. Nikasema ni mali, herufi zile zile za mila zikipangwa upya. Mama mmoja akasema yeye amepata lima. Mwingine akapata lami. Kisha Kinyanjui, kwa upole mwingi, kana kwamba ananiokotea kitu kilichoanguka, akasema hata imla inawezekana, ile ya mwalimu kusoma na wanafunzi kuandika.

Majibu manne kwa kidokezo kimoja. Nilisema hiyo inaonyesha utajiri wake. Mwalimu alisema msomaji anataka jibu moja.

Jioni Winny aliketi kando yangu, akanimiminia chai bila kuombwa. Nikajua kuna jambo. Akasema amesikia niko darasa moja na baba yake Githinji. Akasema mzee huyo alifiwa na kaka yake mwaka jana, na tangu hapo fumbo la Jumamosi ndilo kitu pekee kinachomfanya aongee mezani. "Baba, mwachie tu. Hii moja tu." Nikasema sawa. Akanishika mkono, akasema asante, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Nilisema sawa nikimaanisha kwamba nimesikia.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ngumu, lakini yenye mafanikio makubwa ya kitaaluma.

Njia iliyonivutia zaidi ni ya kukata kichwa: unaondoa herufi ya kwanza ya neno, unapata neno jingine. Nikiwa ofisini, badala ya kupanga faili, niligundua kwamba chama kikikatwa kichwa ni hama. Furaha niliyopata sijaipata tangu Winny afaulu mtihani. Nikataka kumjaribu mtu. Nikamtumia Elsie kwa simu: Chama kikikosa kichwa, ondoka kwenye nyumba. Herufi nne. Sikuongeza maelezo, kwa sababu Mwalimu alisema kidokezo kizuri hakihitaji maelezo.

Nilifika nyumbani jioni. Watu wa mstari wetu wote wa nyumba walikuwa nje. Magodoro barazani. Masufuria yamefungwa ndani ya mashuka. Mzee Otiende wa mlango wa tatu alikuwa ameshaita mkokoteni, amepakia kabati, na sasa alikuwa anabishana na mwenye mkokoteni kuhusu kioo chake. Elsie alikuwa ameketi juu ya gunia la nguo, kitambaa kichwani, simu mkononi.

Nikauliza kuna nini. Akanionyesha ujumbe wangu.

Nikamwuliza, kwa unyenyekevu, kama amepata jibu.

"Hama," akasema. "Umetuambia tuhame."

Alikuwa amelipata sawasawa. Peke yake, bila msaada. Nilimwambia hongera.

Baadaye nilielewa ilivyokwenda. Tangu maneno ya kubomoa nyumba hizi za mawe na kujenga maghorofa yaanze, kila mtu hapa hulala sikio moja likiwa wazi. Nami ni karani wa ofisi ya nyumba. Karani wa nyumba akimwandikia mkewe waondoke kwenye nyumba, kwa lugha ya mafumbo, watu husema masikini, ameogopa kuandika waziwazi. Elsie alimwambia Mama Otiende tu. Inatosha.

Ilibidi nisimame kwenye kiti katikati ya kiwanja nieleze kwamba ni mchezo wa herufi. Nikawaonyesha jinsi unavyoondoa ch, ambayo katika fumbo huhesabiwa kama... hapo mtu alinirushia kandambili.

Mwalimu Nyongesa alikuja na fimbo yake, akatuliza watu. Nilipomsindikiza nikamwuliza kwa siri maoni yake. Akasema kidokezo kina kasoro, kwamba kukata kichwa ni kuondoa herufi moja, nacho chama kikiondolewa c kinabaki hama, sawa, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimesema naondoa ch, na hapo ingebaki ama. Kwa hiyo kidokezo ni halali, ila mtunzi hakijui.

Halali. Alisema halali. Nimeandika neno hilo hapa kwa wino mwekundu.

Elsie hajazungumza nami. Kabati la Otiende bado liko nje.

Jumamosi, 13 Septemba

Darasa la pili. Somo la leo: mdanganye msomaji, usimdhulumu. Akishapata jibu, aseme "ah, nilipumbazwa," asiseme "nimeibiwa."

Kinyanjui akaanza. Bwana akikatwa kichwa, watoto hubaki. Herufi nne. Bwana bila b ni wana. Akina mama wa kwaya walijiuliza kwanza kama ni dhambi, kisha wakacheka kuliko wiki iliyopita. Mmoja alilia. Kinyanjui mwenyewe alitabasamu, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Nikainuka. Sikuwa na wasiwasi. Nikasema: Ndoa isiyo na kichwa ni waa. Herufi tatu.

Mwalimu alifumba macho yake mabovu. Midomo yake ikatembea. Kisha akasema polepole, "Ndoa... doa." Doa ni waa. Akagonga fimbo sakafuni. Akasema kidokezo kama hicho yeye mwenyewe angejivunia. Kinyanjui alivuka ukumbi mzima kuja kunishika mkono, akasema, "Hiyo ni nzuri sana, Mzee Amolo." Alisema kwa moyo mweupe. Nilitafuta sumu ndani ya sauti yake, sikuipata. Hiyo ndiyo sumu yenyewe.

Mwalimu anaingia hospitali Jumatatu. Mtihani ni huu: kila mtu ampe Eve vidokezo vitatu kuhusu familia. Eve atachagua, kwa kuwa Mwalimu atakuwa amefungwa jicho. Vya mshindi vitatoka kwenye Barazani ya Jumamosi ijayo, na ukurasa utakuwa wake.

Jumamosi ijayo ni tarehe ishirini. Ndiyo siku wageni wa Tena wanakuja. Winny aliniuliza kama bado nakumbuka nilichoahidi. Nikasema nakumbuka neno kwa neno.

Jumatano, 17 Septemba

Vidokezo vyangu vimekamilika. Navinakili hapa ili visipotee.

Mchumba asiye na kichwa ni mahali pa kulala. Herufi sita. Ndoa isiyo na kichwa ni waa. Herufi tatu. Ndani ya mahari mna jasho. Herufi nne.

Majibu: chumba, doa, na hari, kwa sababu hari ni jasho na limejificha ndani ya neno mahari, ila lipo wazi mbele ya macho ya msomaji. Nilipolipata hilo la mwisho nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajikata. Sikuhisi.

Nimewaza pia jinsi ilivyo vizuri kwamba vyote vitatu vinahusu uchumba na ndoa. Wageni watakapofika Jumamosi wataona nimewaandalia jambo la heshima.

Nikaenda kwa Eve. Akasema, "Niaje Mzee Amolo, umeleta?" Nikampa. Akasoma, akacheka, akasema ni kali, yaani vizuri sana. Kisha akavuta droo, akasema shida ni kwamba hata vya Baba Githinji ni kali, na yeye hajui achague vipi. Labda arushe shilingi.

Mtu hawezi kuacha ukurasa wa nne kwa shilingi inayorushwa hewani. Nikavua miwani. Nikamwambia kwa huzuni kidogo kwamba Baba Githinji amejitoa. Kwa heshima ya ukwe. Hataki kushindana na baba wa msichana wiki ile ile anayokuja kumwomba.

Eve aliguswa sana. Akasema wazee kama hao wamebaki wachache. Akasema atampigia simu amshukuru. Nikamwambia asifanye hivyo, mzee yule ana haya.

Nikitoka nikahesabu kama nimesema uongo. Kinyanjui ni mtu wa heshima. Mtu wa heshima angejitoa. Kama bado hajajitoa, ni kwa sababu hajapata nafasi ya kulifikiria.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa barazani. Ndani kuna watu wengi na sijui kama natakiwa.

Nyumba ilikuwa imepambwa tangu asubuhi. Elsie alitandika vitambaa hadi juu ya redio. Winny alivaa gauni la samawati, akakataa kula. Nilikuwa nimeweka nakala ya Barazani mbele ya kila kiti, imekunjwa vizuri, ukurasa wa nne juu. Winny alizikusanya zote akazificha. Nikazirudisha alipokwenda kuchana nywele.

Haikuhitajika. Wageni walikuwa tayari wamepitia ukumbini, na Eve alikuwa amewapa nakala njiani. Kinyanjui aliingia na karatasi yake mkononi. Nyuma yake mkewe Teresiah, kaka zake wawili, shangazi mmoja, na Githinji akiwa amevaa tai iliyomkaba. Wakaketi. Soda zikaletwa. Mzungumzaji wao, kaka mkubwa mwenye sauti ya kanisani, akasimama. Hakuanza na salamu za familia. Alivaa miwani, akasema kabla ya yote wangependa kuelewa jambo moja, kwa nia njema tu. Akasoma.

"Mchumba asiye na kichwa ni mahali pa kulala."

Githinji alijitazama mikono.

"Ndoa isiyo na kichwa ni waa." Kidole kikashuka mstari mmoja. "Ndani ya mahari mna jasho." Akavua miwani. "Na chini yake imeandikwa: mtunzi, Jackton Amolo. Sisi tumekuja na heshima, Mzee. Kama kijana wetu hana kichwa, na ndoa yetu ni waa, na mnataka tutoe jasho kwanza, ingekuwa afadhali mngetuambia kwa simu."

Nikasimama. Nikaanza kueleza kwamba jibu la kwanza ni chumba. Shangazi akauliza chumba cha nani. Nikasema cha mtu yeyote. Akageuka akamtazama Winny tumboni. Hapo nikaona mambo yameanza kwenda vibaya.

Winny alisimama akaenda jikoni. Githinji akataka kumfuata, mama yake akamshika koti.

Sasa Kinyanjui akasema, "Hivyo ni vidokezo halali. Mimi navielewa. Ni vizuri." Watu wake wakamtazama. "Lakini jambo moja silielewi. Eve amenishukuru leo mbele ya watu kwa kujitoa. Sikujitoa. Nilidhani nimeshindwa tu." Alisema bila hasira. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. "Ningekuachia, Baba Winny. Ungeniomba ningekuachia."

Nikaokota nakala yangu ya Barazani, nikaikunja mara mbili.

Aliyetuokoa ni Elsie. Alitoka jikoni na sinia la chapati, akalitua mezani kwa nguvu kidogo. Akamwambia Teresiah, kana kwamba wanaume hatupo, "Mama Githinji, huyu mzee wangu wiki iliyopita aliniandikia nihame. Nikahama. Mtaa mzima ukahama. Kumbe ni mchezo. Kabati la Mzee Otiende mliliona hapo nje likinyeshewa? Ni yeye." Teresiah alisema waliliona, na walijiuliza. Elsie akaendelea, akasimulia habari ya magodoro, na mkokoteni, na mimi juu ya kiti, na kandambili. Teresiah alijaribu kujizuia. Alishika mdomo kwa leso. Kisha akasema wa kwake naye, usiku wa matanga ya shemeji yake, aliamka katikati ya sala akasema "liwa!" Watu wakadhani ni pepo.

Wakacheka wote wawili hadi wakashikana. Shangazi akacheka. Mwisho hata mwenye sauti ya kanisani akakubali chapati.

Kinyanjui aliomba kalamu. Akaandika nyuma ya Barazani, akakunja, akamwomba Githinji apeleke jikoni. Tulingoja. Nilitaka sana kujua alichoandika, lakini haikuwa nafasi ya kuuliza. Niliuliza.

Winny alitoka amenawa uso. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti. "Harusi, hata ikikatwa kichwa, bado ni harusi. Herufi tano." Kisha akamtazama mzee Kinyanjui. "Arusi," akasema. Harusi bila h ni arusi. Neno lile lile, maana ile ile.

Kinyanjui akaitikia kwa kichwa. Winny akaenda akapiga goti mbele yake, na yeye akamwinua haraka, akasema hapana mama, simama, simama.

Mazungumzo yameendelea vizuri tangu hapo. Nimeambiwa nipumzike nje.

Jumapili, 21 Septemba

Winny alinikuta barazani asubuhi. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Baba, nilikuomba kitu kimoja." Nikasema najua. Akasema, "Ulinidanganya mimi, ukamdanganya Eve, ukamsingizia mzee wa watu. Kwa karatasi." Nikasema ni ukurasa wa nne. Akanitazama jinsi Elsie anavyotazama maziwa yaliyomwagika, akaenda kanisani bila kunisubiri.

Nilibaki nimeketi. Nilihisi vibaya kweli. Nilihisi vibaya hadi chakula cha mchana.

Elsie ameniagiza niende Tena kuomba msamaha. Nitakwenda keshokutwa.

Jumanne, 23 Septemba

Mwalimu ametoka hospitali, jicho limefungwa bandeji nyeupe. Amesikia yote. Ameamua ukurasa wa nne ni wa Kinyanjui hadi atakapopona. Nilimkumbusha kwamba alisema kidokezo cha doa angejivunia. Akasema bado anajivunia. Asiyemjivunia ni mtunzi.

Nikaenda Tena. Kinyanjui alikuwa dukani kati ya makopo ya rangi. Nikasema nilichotumwa kusema. Aliniwekea kiti, akaagiza chai na mandazi, na hakulitaja tena. Tulikaa hadi jioni. Alinieleza habari za kaka yake, ambaye walikuwa wakifumbua mafumbo ya magazeti pamoja, mmoja Tena, mwingine mtaa wa Ziwani, kwa simu, kila Jumamosi. Baada ya mazishi kijana alianza kumletea Barazani, na aliona ajabu kwamba mtu anaweza kucheka peke yake.

Nilimshika bega. Tukanywa chai.

Ilikuwa saa nzuri. Nadhani ningeondoka hapo tukiwa ndugu. Lakini mlangoni nikaona ni haki, kama mtu wa taaluma kwa mwenzake, kumwambia kwamba kile kidokezo cha harusi hakikuwa halali sana. Arusi na harusi ni neno moja. Huwezi kumpa msomaji neno lenyewe kama maana yake. Ni kasoro.

Alisema anajua. Alisema hakikuwa cha gazeti, kilikuwa cha Winny.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Bado ni kasoro.

Jumamosi, 27 Septemba

Amani imerudi, na tarehe ya harusi imepangwa. Winny amenimiminia chai. Elsie amesema naweza kuhudhuria harusi. Kabati la Mzee Otiende limerudi ndani, ingawa mlango mmoja haufungi.

Fumbo la kwanza la Kinyanjui limetoka leo. Nimelimaliza lote isipokuwa sehemu kubwa. Ni zuri. Limeniamsha.

Kwani nani alisema ukurasa wa nne ndio pekee? Nilipita kwa Eve kuchukua sabuni niliyoagiza kwa dada yake, nikaona anapanga kadi za mwaliko wa harusi. Kadi za kawaida kabisa. Majina, kanisa, tarehe, saa tano asubuhi. Mtu anasoma, anaweka juu ya friji, anasahau. Hakuna raha ndani yake. Na wageni wa Tena ni watu wanaopenda mafumbo, nimeshuhudia mwenyewe.

Juu ya mstari wa saa, nimetunga hivi: Nota ya wimbo ikigeuzwa, wakati wa kuingia kanisani. Herufi nne. No-ta, ta-no. Tano. Maana ipo, njia ipo, jibu ni moja tu. Halali kabisa. Hata Mwalimu na bandeji yake ataliona.

Eve alisita. Akauliza kama Winny anajua. Nikavua miwani, nikamwambia familia zote mbili zimekubali, ila wanataka iwe siri hadi kadi zifike.

Nimemwomba pia afute ule mstari wa chini wenye saa ya kawaida, ili watu wasipate jibu bila jasho. Mashine ilikuwa inatoa kadi nilipoondoka, moja baada ya nyingine, zikiwa bado moto.

Winny atafurahi sana.